Siku 11 kulizunguka ziwa kwa nauli ya kikundi

Kikundi chetu kina watu 14, vizimba 6 vya kufugia samaki na deni moja. Vizimba viko ndani ya Ziwa Victoria, Luchelele, Mwanza. Deni liko kwenye daftari la kaunta la mweka hazina wetu, mama wa makamo ambaye kwa heshima, na kwa woga kidogo, tunamwita Mama Hazina. Mimi ni katibu. Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi nyumbani, kutoka kwenye vijidaftari viwili, picha za simu na rundo la risiti ambazo yeye hakukubali hata moja itupwe.

Chanzo cha safari ni msiba. Agosti ya mwaka jana, baada ya siku tatu za upepo wa kusini, tuliamka tukakuta kizimba cha nne ni cheupe: sato wa gramu mia tatu mia tatu, matumbo juu, wiki sita kabla ya kuvuna. Baadaye akaja mtafiti, akatueleza kwamba maji ya chini yasiyo na hewa yalikuwa yamepanda juu. Tukamuuliza kama ingewezekana kujua mapema. Akasema ndiyo, kama kungekuwa na mtu anayepima kila siku, na mtu huyo hayupo kwa sababu fungu lake halipo.

Mwaka huu alirudi. Alikuwa anaandika andiko la kuomba fedha za utafiti wa ufugaji wa samaki katika nchi zote tatu za ziwa, na alitaka tuwe washirika. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja cha kwetu: mahitaji ya wafugaji. Kikao kikawaka moto. Mmoja alitaka vizimba 20, mwingine injini ya boti, na yuko aliyetaka kwanza kujua posho ya semina ni shilingi ngapi. Mama Hazina aliwaacha mpaka wakachoka, kisha akasema, "Kabla hatujatia dole gumba, twendeni tukawaone waliokwisha kutia."

Tukachanga 100,000 kila mtu. Jumla 1,400,000, watu wawili, kulizunguka ziwa zima.

Siku ya 1, Jumamosi. Mwanza hadi Migori

Basi liliondoka stendi ya Nyamhongolo saa 12 na nusu asubuhi, nauli 25,000. Hadi Lamadi hakuna la kusimulia. Pale Lamadi mkanda wa injini ukakatika, tukakaa saa mbili na dakika arobaini chini ya mwarobaini tukila mihogo ya kukaanga huku utingo akipanda bodaboda kwenda kutafuta mkanda mwingine. Abiria mmoja, mzee wa Tarime, aligundua sisi ni wafugaji wa samaki, akatupa somo la bure la jinsi sangara alivyowamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili. Alikuwa na haki kwa mengi. Nilipomwambia kwamba hata sato tunayemfuga aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kwamba mwenyeji hasa ni ngege, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wote ni wahamiaji."

Sirari, mpakani na Kenya, tulifika jua likielekea kuzama. Hapa ndipo tulipopoteza sampuli yetu. Nilikuwa nimebeba kilo moja ya chakula cha samaki, kile cha kuelea, nikitumaini kupata mtu Kisumu wa kutupimia protini, maana tulikuwa tunashuku lebo ya mfuko inasema kweli nusu. Afisa akafungua begi. Mfuko wa nailoni haupiti, na chakula cha mifugo bila cheti hakipiti vilevile. Hakuwa mkali, na kosa lilikuwa letu. Nikakimwaga chakula nje, kuku wa mbadilisha fedha wakakimaliza kabla sijafunga zipu. Usiku huo Mama Hazina aliandika: *Chakula cha kuku wa Sirari, 3,500.*

Kwa atakayefuata njia hii: Mtanzania, kitambulisho cha NIDA hakitakuvusha. Chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wakenya na Waganda huvukiana kwa kitambulisho, sisi bado. Kadi ya homa ya manjano uwe nayo mkononi, isiwe chini ya begi. Na mifuko ya plastiki acha nyumbani. Kenya iliipiga marufuku 2017, sisi 2019.

Tukalala Migori.

Siku ya 2, Jumapili. Migori hadi Kisumu

Matatu, shilingi 700 za Kenya kila mtu. Miwa ya Awendo, ndizi za Kisii, mpunga wa Ahero, usingizi.

Jioni tukaingia hoteli moja karibu na stendi ya Kisumu, tukaagiza samaki na ugali. Samaki akaja mzima, kakaangwa vizuri, kalazwa juu ya nyanya. Mama Hazina hakumgusa. Alimwinua mkia, akamtazama shavuni, akamwita mhudumu.

"Mwanangu, huyu ametoka ziwani?"

"Ametoka soko, mama."

"Na sokoni alitoka wapi?"

Kijana akacheka tu. Ziwa lenyewe lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na sisi tulikuwa tumekaa mbele ya sato wa barafu kutoka China. "Huyu amesafiri kuliko sisi," Mama Hazina alisema, ndipo akaanza kula.

Sikutaja tukio hili kwa kuchekesha. Huyo samaki ndiye bei tunayoshindana nayo. Kwetu, katika kila shilingi 100 ya gharama za kizimba, zaidi ya 60 inakwenda kwenye chakula, na chakula kizuri kina dagaa na soya ambavyo binadamu naye anavitaka. Mkulima wa Kichina ana chakula cha bei nafuu na mbegu iliyoboreshwa. Vyote viwili ni matunda ya utafiti uliolipiwa kwa miaka mingi. Sisi tunashindana naye kwa maombi.

Siku ya 3, Jumatatu. Dunga

Bodaboda hadi ufukwe wa Dunga, shilingi 100. Tulikuwa na jina la mtu mmoja tu, mlinzi wa vizimba, tuliyepewa na binamu wa mwanachama wetu. Mlinzi hakuwepo, lakini dada aliyekuwa akipara samaki alituacha chini ya kibanda chake, akatupa chai, akapiga simu tatu, na nusu saa baadaye mtumbwi ukaja kutuchukua. Chai alikataa katakata tuilipe. Sijui hata niandikeje.

Upande wa Kenya ni asilimia 6 tu ya ziwa, lakini ndio uliokimbilia vizimba kwa fujo. Hesabu ya watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ya karibu miaka kumi iliyopita ilikuta vizimba zaidi ya 3,600, na tangu hapo vimeongezeka. Vingi viko kwenye maji ya ghuba yasiyo na kina. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi huku Kisumu na kaunti za jirani, na watafiti wakasema ni hewa iliyokwisha majini.

Mlinzi tuliyemfuata alikuwa amelala juu ya jukwaa la mapipa usiku wa vifo vile. Alitueleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia. Kwanza ilikuja harufu, kama yai viza. Kisha samaki wakapanda juu wote pamoja, midomo nje, "wanakunywa upepo". Akawasha tochi, akaona macho. Kabla ya alfajiri midomo ikaacha kufunguka.

"Mlifanya nini?" niliuliza.

"Tulipiga maji na makasia. Wewe ungefanya nini?"

Nikamwambia sisi hatukupiga hata makasia, tulikuwa tumelala. Mama Hazina akauliza swali ambalo ameliuliza kila mahali katika safari hii: je, sasa kuna mtu anapima? Jamaa akasema wakubwa wenye vizimba vingi wana mashine zao. Watafiti nao huja, hupima, ni watu wazuri, lakini huja kwa msimu wa mradi. "Mradi ukiisha, boti yao haina mafuta."

Neno hilo, *msimu wa mradi*, nimeliandika mara mbili kwenye kijidaftari. Huku ziwani tuna msimu wa mvua, msimu wa dagaa, na huo.

Siku ya 4, Jumanne. Sangoro

Sangoro ni kituo cha KMFRI upande wa Nyakach, karibu na mto Sondu-Miriu. Ukitaka kwenda, andika barua mapema, hata ya barua pepe, na ueleze ninyi ni nani. Sisi tuliandika wiki tatu kabla, tukajibiwa kwa kistaarabu. Usiende kama mtalii.

Hapa niliona jambo ambalo miaka mitano ya ufugaji haijawahi kunionyesha. Fundi mmoja aliingia kwenye bwawa dogo na kitu kama kimia cha kuchotea, akamtoa sato jike, akamshika kwa mkono wa kushoto kichwa kikielekea chini kwenye beseni. Kwa kidole gumba akafungua mdomo taratibu na kumwagia maji kidogo. Mayai yakaanza kuporomoka: ya rangi ya chungwa iliyofifia, yanayokaribia punje ya mtama kwa ukubwa, mamia, yakijipanga chini ya beseni kama shanga zilizokatika uzi. Jike sato huatamia mdomoni na muda huo karibu hali kitu. Fundi akamrudisha majini, akaliona jike likikaa kimya pale pale, mdomo ukifunguka na kufunga. "Anayatafuta," akasema.

Mama Hazina, ambaye amelea pacha wa kwake na watoto watatu wa marehemu dada yake, aliondoka pale akaenda kusimama kwenye kivuli kwa muda.

Kazi yenyewe ya uteuzi wa wazazi ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Unawapa samaki utambulisho, wengine kwa kichipu kidogo kama punje ya mchele kinachoingizwa mwilini, unawakuza pamoja, unawapima, unachagua waliokua vizuri bila kuoanisha ndugu kwa ndugu, unawazalisha, unaanza upya. Kizazi kimoja kinakula karibu mwaka mzima. Ukikosa umeme wiki moja ukapoteza wazazi, umepoteza vizazi vyote vilivyotangulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fedha za miaka mitatu mitatu haziendani na samaki. Miaka mitatu ni vizazi vitatu, na cha kwanza umekitumia kujenga uzio.

Jamaa mmoja wa maabara alitusimulia habari iliyoniuma kidogo. Sato maarufu wa Asia, aina ya GIFT, alianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988. Wazazi wa mwanzo wa porini walikusanywa Misri, Ghana, Senegal na Kenya, na wale wa Kenya walitoka Ziwa Turkana. Wakateuliwa kizazi baada ya kizazi, kila kizazi kikiongeza ukuaji kwa zaidi ya asilimia 10. Yaani babu wa samaki wale waliouzwa Asia nzima ni ndugu zetu. Tofauti ni kwamba kule fedha hazikukatika kizazi cha tatu.

Chakula cha mchana: omena (dagaa) wa maziwa, ugali wa mtama, mboga ya osuga (mnavu). Shilingi 150. Bora kuliko sato wa China kwa kila kipimo.

Siku ya 5, Jumatano. Kisumu hadi Jinja

Siku ndefu. Kisumu hadi Busia shilingi 500, kupitia Maseno, Luanda, Yala, Ugunja. Baada ya Maseno nilianza kuyaona mabwawa, na nikishaliona moja nayaona yote: mistatili ya ukubwa uleule, mita za mraba 300. Ni ya ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuchangamsha uchumi ulioanza 2009, mabwawa 200 kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, vifaranga na chakula juu ya serikali. Mengine yana maji na uzio. Mengi niliyoyaona dirishani yameota nduma, yaani magimbi, majani mapana kama masikio ya tembo, yamestawi kweli. Jirani yangu kwenye kiti, mwalimu mstaafu, aliniambia la kwake lilimpa samaki mara mbili. "Halafu chakula cha bure kikaisha. Nduma haidai chakula." Alinipa namba yake akasema nikipita tena nilale kwake.

Busia, tukishuka, Mama Hazina aliweka mkono begani, akashika hewa. Mfuko wa kitambaa wenye daftari ulikuwa umebaki kwenye matatu, na matatu ilikwisha ondoka. Fedha zilikuwa mwilini mwake, lakini daftari lile lina hesabu za kikundi tangu 2021. Sijawahi kumwona akikaa chini barabarani. Alikaa.

Kijana wa bodaboda akauliza kuna nini, akauliza rangi ya gari, akapiga simu stendi, wakapiga simu kwa dereva. Tukangoja saa moja na nusu. Makanga hakuweza kurudi, ila alimkabidhi daftari dereva wa gari jingine lililokuwa linakuja Busia, na dereva yule akatukabidhi akiwa haulizi chochote zaidi ya, "Ni nyinyi watu wa samaki?" Hakutaka pesa. Wa bodaboda alikubali soda. Daftari lilikuwa na karatasi ya chapati katikati ya kurasa, mtu kaweka alama mahali lilipokuwa limefunguka.

Mpaka wa Busia ulikuwa mwepesi, dakika ishirini. Kwenda Jinja shilingi 20,000 za Uganda. Kiswahili hapa kinapungua ghafla. Ukisema "ssebo" na "nnyabo", yaani bwana na bibi kwa Kiganda, na kutabasamu utafika.

Siku ya 6, Alhamisi. Jinja

Jinja ndiko nilikotaka kufika kuliko kote. Mwaka 1947 palianzishwa hapa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki nzima, na lilikuwa letu sote mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Wakenya wakaanzisha KMFRI yao 1979, sisi TAFIRI yetu 1980, na nyumba ya Jinja ikabaki kwa wenyeji. Leo inaitwa NaFIRRI. Jinja hiyohiyo iko LVFO, shirika la uvuvi la ziwa ambalo nchi tatu ziliunda 1994. Kwa ufupi: tuligawana vyombo vya ndoa, kisha tukarudiana tukiwa na vyombo pungufu.

Tuliomba tu kuona maktaba. Mama mmoja mwenye miwani alituletea makabrasha yaliyobadilika rangi kama chai ya maziwa. Mwaka 1960 hadi 1961 mwanasayansi Mwingereza, J. F. Talling, alitoka hapa kwa boti kwenda kituo kimoja cha maji ya wazi, Bugaia, mara kwa mara mwaka mzima, akashusha vyombo vyake na kuandika joto na hewa ya maji, mita kwa mita. Michoro yake inaonyesha ziwa likijigawa matabaka, kisha upepo wa katikati ya mwaka ukilikoroga. Nilitazama mstari wa Julai na Agosti muda mrefu. Kizimba chetu cha nne kilikuwa pale, miaka sitini kabla hakijawekwa.

Mwaka 1990 na 1991 Robert Hecky na wenzake walirudi kupima, na kwa sababu namba za Talling zilikuwepo, wakaweza kusema jambo zito: maji ya chini yasiyo na hewa yameongezeka, na yanakaa hivyo muda mrefu zaidi kuliko zamani. Ungemwambia mtu jambo hilo kwa ushahidi gani kama 1960 hakuna aliyelipwa kushusha kamba? Mwaka huohuo 1990 Mkenya Peter Ochumba alikuwa amekwisha kuchapisha habari za vifo vikubwa vya samaki katika Ghuba ya Nyanza. Wakati huo vizimba vya biashara hata havikuwepo. Kwa hiyo tulionywa. Sisi tu hatukuwepo darasani.

Mama Hazina hasomi Kiingereza sana. Nilimtafsiria, akaweka kidole juu ya mchoro akauliza, "Kati ya huyu na hawa, miaka thelathini, nani alipima?" Mama wa maktaba alimjibu kwa Kiswahili kizuri kabisa: vipande, mama, vipande vipande. Vita, fedha, Jumuiya.

Ziwani hakuna mpaka, na magonjwa yanajua hilo. Watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba wamekuta vinasaba vya kirusi cha sato, TiLV, kwenye samaki wa pande za Uganda na Tanzania. Vifaranga navyo huvuka mipaka kwenye mifuko ya oksijeni bila kuulizwa homa ya manjano. Hapa naisifu kazi ya aina ya TRUEFISH, mradi uliolipiwa na Umoja wa Ulaya kwa nchi zote tatu, uliogusa pia afya ya samaki. Lakini nao ulikuwa na tarehe ya mwisho.

Jioni fundi mmoja kijana alituonyesha sahani ya Secchi, duara jeupe na jeusi linaloshushwa kwa kamba mpaka lisionekane tena, unaandika kina. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, ndiye aliyeibuni, 1865. "Hii mnaweza kutengeneza na kifuniko cha ndoo," akasema. Akatufundisha na nyingine: chupa nzito yenye kizibo kilichofungwa kamba ya pili. Ishushe hadi mita 6, vuta kizibo, maji ya huko yanaingia, pandisha haraka, tumbukiza kipimajoto. Maji ya baridi yakianza kuonekana juu kuliko kawaida, ujue ya chini yanakuja. Haipimi hewa, lakini ni bora kuliko usingizi.

Roleksi mbili, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai, na chai, 6,000. Nilikula zote mbili.

Kituo nisichokitaja

Njiani, nchi ipi sisemi, tulipita kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga kilichojengwa kwa fedha za mradi. Matangi mazuri ya buluu, bango lenye nembo tano. Pampu ilikuwa imekufa, kifaa chake ni cha kuagizwa nje na fungu la matengenezo halikuwahi kuandikwa. Mlinzi alikuwa ameweka vifaranga vyake vya bata kwenye tangi moja. Sikupiga picha. Alitukaribisha muwa.

Siku ya 7, Ijumaa. Kajjansi

Jinja hadi Kampala shilingi 10,000, tukasimama msitu wa Mabira kwa gonja la kuchoma. Kajjansi iko barabara ya Entebbe, ni kituo cha utafiti wa ufugaji tu, na tulikaa saa mbili. Tuliona uzalishaji wa kambale: jike hukamuliwa mayai akabaki hai, dume huchinjwa ili kupata mbegu. "Hatimaye," Mama Hazina alisema. Kampala nikanunua vipimajoto viwili vya kioo dukani kwa vifaa vya shule, 35,000 vyote.

Siku ya 8 hadi 10. Mutukula, Bukoba, melini

Kampala hadi Mutukula, 35,000. Foleni ya malori ilikuwa ndefu lakini ya watembea kwa miguu fupi. Bukoba tuliingia usiku na mvua. Meli haiondoki kila siku; uliza ratiba kabla hujapanga, sisi tulikaa hadi Jumatatu. Asiyetaka maji apande basi: tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko. Tulikula ndizi siku mbili na Mama Hazina akanunua kahawa ya kutafuna ya kuwapelekea wanachama.

MV Victoria ilianza kazi 1961, mwaka uleule Talling alipokuwa akishusha kamba yake. Ilikufa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi majini 2020. Usiku nilisimama pembeni nikiangalia maji meusi, nikawaza ni mita ngapi chini yangu hewa inaisha. Daraja la tatu, usingizi haba, mtoto wa jirani alilala kwenye mguu wangu mpaka Mwanza.

Siku ya 11, Jumanne. Nyumbani

Kikao tulikifanya jioni ileile. Mama Hazina alisoma hesabu zote, hadi ya kuku wa Sirari. Zilibaki 287,500. Kisha tukajaza kisanduku. Tuliandika: kipima oksijeni kimoja, mafuta ya boti, na ujira wa kijana mmoja wa kupima kila alfajiri kwa miaka 10, namba zibandikwe mwaloni kila siku, zipelekwe pia Kisumu na Jinja. Wa injini ya boti aliguna lakini akatia sahihi.

Mtafiti aliposoma alivua miwani. Akasema mfadhili anayemwandikia anatoa miezi 36, na anapenda kitu kinachopigwa picha. Mama Hazina akamwambia aandike hivyohivyo. Kama watakataa, wakatae kilicho kweli. Amekubali kupeleka, majibu bado.

Sahani tulitengeneza kwa kifuniko cha ndoo ya rangi, uzito ni kipande cha nondo, kamba ina fundo kila nusu mita. Chupa ni ya bia. Jumla 9,200.

Jumatatu iliyofuata, saa 11 na dakika 40 alfajiri, kizimba cha nne. Sahani imepotea mita 1.7. Juu nyuzi 25.4. Mita 6 nyuzi 25.1. Upepo hakuna. Mama Hazina alirudia kila namba kwa sauti akiandika, akachora mstari chini yake, akaandika tarehe ya kesho, akauliza zamu ni ya nani.